Tumegawana kazi za nyumbani nusu kwa nusu, mbona bado nachoka peke yangu?

Mama Zamu anauliza:

Habari zenu nyote. Naomba mnisaidie kulitazama jambo ambalo mimi na mume wangu tumelizungumza mara nyingi bila kufikia mwafaka. Sote wawili tumeajiriwa. Yeye ana saa za ofisi zisizobadilika: huingia asubuhi na kutoka jioni, na mwisho wa juma hupumzika. Kazi yangu mimi ni ya zamu, yaani asubuhi, mchana na usiku kwa kupokezana, na ratiba hubandikwa ubaoni siku chache tu kabla ya juma kuanza, tena mara nyingine ikiwa imekwisha kufutwafutwa na kuandikwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Tuna watoto wawili; mkubwa anasoma shule ya msingi na mdogo bado ni wa kubebwa.

Mwaka huu tulikaa chini tukagawana kazi. Tuliandika jedwali tukalibandika kwenye mlango wa jokofu, likionyesha nani anafua, nani anapika, nani anaogesha watoto, nani anawapeleka na nani anawachukua. Ukihesabu mistari ya jedwali lile utaona tumegawana sawasawa, na siwezi kusema mume wangu hatimizi yaliyo upande wake, kwa sababu anayatimiza. Hata hivyo, nikitoka zamu, kabla hata sijavua viatu, kichwa kimekwisha kuanza kazi nyingine: viatu vya mkubwa vimeanza kumbana, dawa ya mdogo imebaki kidogo chupani, shule imeleta barua ambayo jibu lake linatakiwa kesho, na sare moja imekatika kifungo. Nikimweleza mume wangu kwamba nimechoka, hunijibu kwa nia njema kabisa, "Wewe niambie tu nifanye nini, nitafanya." Jibu hilo hunichoma kuliko ambavyo lingenichoma jibu la kukataa, na sijui namna ya kumweleza sababu yake bila kuonekana mtu asiyeridhika.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, tatizo letu liko kwenye ratiba ya kazini au kwenye mgawanyo wa kazi nyumbani? Nauliza hivyo kwa kuwa kila ratiba inapotulia, hata magombano hupungua. Pili, msimamizi wangu amenishauri nihamie zamu ya usiku ya kudumu ili mchana niwe nyumbani, na baadhi ya wenzangu wanasema hiyo ndiyo dawa. Mimi nasita. Ningefurahi kusikia kutoka kwa waliopitia hali hii au wanaoifahamu kwa sababu ya kazi yao. Mawaidha ya kuvumilia nimekwisha kupewa ya kutosha.

Mpanga Ratiba anajibu:

Pole sana, dada. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga zamu za watu, kwa hiyo nitajibu upande ninaoufahamu, na upande wa nyumbani nitawaachia wengine.

Nianze na hilo la usiku wa kudumu, kwa sababu ndilo linalokusubiri utoe jibu. Anayekwambia kwamba utakuwa nyumbani mchana anazihesabu saa zako za kulala kama saa za bure. Mtu aliyetoka zamu ya usiku anahitaji usingizi sawa na mtu mwingine yeyote, na usingizi wa mchana kwa kawaida huwa mfupi na wa kukatikakatika, kwa kuwa saa ya ndani ya mwili huongozwa na mwanga wa jua wala haijali ratiba iliyo ubaoni. Wengi wanaofanya kazi usiku tu hawaizoei hali hiyo kikamilifu, kwani siku za mapumziko hurudi kuishi mchana pamoja na familia zao na mwili huanza upya. Sasa weka mtoto wa kubebwa katika hesabu hiyo, kisha ujiulize utalala lini. Tena shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani kwa binadamu, na lilipoipitia tena mwaka 2019 liliiacha hapohapo. Silisemi hili kukutisha, maana kuna huduma ambazo haziwezi kufungwa usiku na lazima awepo mtu wa kuzifanya, lakini mzazi anayehamia usiku kwa sababu ya malezi anapaswa kujua anachokibadilishana. Ningekuwa wewe nisingekubali.

Kinachostahili kudaiwa, kwa maoni yangu, ni taarifa ya mapema. Katika ofisi yangu malalamiko mengi ya wazazi yanahusu kutojua zamu kwa wakati, kuliko wingi wa saa zenyewe. Mtu wa kumwangalia mtoto siku ya Jumanne hupatikana ikiwa Jumanne yenyewe inajulikana. Ahadi ya daktari huwekwa juma mbili kabla. Mkutano wa shule hautangoja ubao wenu ubandikwe. Ratiba inapotoka siku tatu kabla, mzazi hulazimika kupanga kila jambo mara mbili, mara ya kwanza kwa kubahatisha na mara ya pili kwa kubomoa alichokibahatisha, na hiyo ya pili ndiyo inayoleta magombano nyumbani. Nadhani ndiyo sababu umeona amani inarudi ratiba ikitulia.

Kwa hiyo omba mambo haya kwa maandishi: ratiba itoke angalau juma mbili au tatu kabla, wafanyakazi waruhusiwe kubadilishana zamu wao kwa wao, msimamizi akiwa na kazi ya kuidhinisha tu, mzunguko wa zamu uende mbele, yaani kutoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku, kwa sababu mwili huona nafuu kuchelewa kulala kuliko kuwahi, na asiwepo mtu anayefunga kazi usiku kisha akaifungua alfajiri ya siku inayofuata. Kwa hilo la mwisho kipimo kipo: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi inataka mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24. Hata kama sheria inayokuhusu wewe haisemi hivyo, ni kipimo ambacho msimamizi mwenye busara hawezi kukicheka.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Usieleze jinsi ulivyochoka, maana uchovu wako atauonea huruma na kuusahau. Eleza unachoomba, eleza kazi yako itafanywaje bila pengo, kisha pendekeza kipindi cha majaribio cha miezi mitatu na tarehe ya kukutana kutathmini. Sisi wasimamizi tunachoogopa sana ni kutoa ruhusa ambayo kesho kila mtu ataidai. Neno "majaribio" hutupa mahali pa kusimamia tukiulizwa na wakubwa wetu.

Jambo moja zaidi. Katika maelezo yako yote, anayefikiria kubadilisha saa za kazi ni wewe, na mwenye saa zinazotabirika ni mumeo. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, uliandikwa kwa ajili ya wanaume na wanawake. Mumeo naye anaweza kuomba aingie saa moja mapema na kutoka saa moja mapema. Je, amewahi kuomba?

Baba wa Watatu anajibu:

Naomba niseme kidogo kwa niaba ya akina baba. Anayoyasema dada ni kweli, ila hiyo sentensi ya "niambie nifanye nini" ina chanzo chake, na chanzo hicho kisipotajwa tutabaki kumlaumu mtu ambaye, kwa maelezo ya mkewe mwenyewe, anatimiza kazi zake.

Baba wengi huanza malezi wakiwa na hamu. Kisha mtoto aliyevalishwa huvuliwa na kuvalishwa upya, nguo zilizokunjwa hukunjuliwa na kukunjwa namna nyingine, na yote hayo hufanyika kimyakimya, mbele ya macho yake. Mtu ambaye kazi yake inarudiwa hujifunza haraka kusubiri maelekezo, kwa sababu maelekezo humkinga na lawama. Baada ya muda anakuwa msaidizi katika nyumba yake mwenyewe, na msaidizi, kama mjuavyo, hatarajiwi kufikiri.

Kwetu, kilichosaidia ni kukubaliana mwisho wa kila kazi. Chukueni kuogesha watoto. Baba anaweza kuona kazi hiyo imekwisha mtoto anapotoka majini akiwa safi. Kwa mama kazi hiyo ina mafuta ya kupaka, nguo za kulalia ambazo zilipaswa kutolewa kabla maji hayajapoa, taulo la kuanikwa, sakafu ya kukaushwa ili mtu asiteleze, na nguo chafu ambazo hazitembei zenyewe hadi kwenye kikapu. Wote wawili wanaona mstari mmoja kwenye jedwali, "kuogesha", na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake anaonea. Kaeni mseme kila kazi inaishia wapi, na mkishakubaliana, asiyehusika asiikague.

Kuhusu kuomba ruhusa kazini, nitasema tu kwamba swali la Mpanga Ratiba ni jepesi kuliuliza. Baba akiomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, jambo la kwanza anaulizwa ni mama wa mtoto yuko wapi, na haliulizwi kwa ubaya, linaulizwa kama jambo la kawaida kabisa. Wakati huohuo akiombwa kubaki kwa saa za ziada anatarajiwa akubali, kwa kuwa ana familia ya kulisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, ikilinganishwa na mtu anayefanya saa 35 hadi 40. Baba anayelimbikiza saa za ziada kwa ajili ya watoto naye anajimaliza, na nyumbani huonekana ndiye asiyekuwepo. Uchovu wa mama usihesabiwe kana kwamba mwenzake ametoka likizo.

Mshauri wa Familia anajibu:

Ninafanya kazi ya kuwashauri wanandoa, na karibu kila juma nasikia maelezo yanayofanana na haya. Baba wa Watatu amesema kweli, ila hajaimaliza. Ni kweli kwamba baba hufundishwa kusubiri maelekezo. Lakini kabla ya maelekezo kuna mtu aliyekwisha kuona kwamba kuna jambo la kuelekezwa, na kazi ya mtu huyo haimo kwenye jedwali lolote.

Mwanasosholojia Allison Daminger wa Marekani aliwahoji jozi 35 za wanandoa, kila mmoja peke yake, na katika makala yake ya mwaka 2019 aliigawa kazi hii ya kichwani katika hatua nne: kutabiri hitaji, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, na kufuatilia kama lililoamuliwa limefanyika. Alichokiona ni kwamba kuamua ndiko wanandoa wengi walikokufanya pamoja, ilhali kutabiri na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake. Rudi sasa kwenye viatu vya mwanao mkubwa. Lazima awepo mtu aliyeona kwamba mtoto anatembea akikunja vidole. Mtu huyo akumbuke namba ya kiatu cha sasa na kukisia ya miezi ijayo, ajue fedha zinapatikana lini na shule inafunguliwa lini, aulize kama shule inataka rangi fulani, na baada ya juma moja atazame kisigino kama kimechubuka. Kwenye jedwali lenu la jokofu mambo yote hayo yameandikwa "kununua viatu", na anayekwenda kununua anahesabiwa kwamba ndiye aliyefanya kazi.

Ndiyo maana sentensi ya mumeo inakuchoma. Anaomba akupunguzie utendaji, na kwa kuomba hivyo anakuongezea usimamizi. Hajui kwamba anafanya hivyo, na ukimweleza kwa lugha ya "hunisaidii" atakuonyesha jedwali, naye atakuwa na haki.

Dawa ninayowapa wanandoa ni kugawana maeneo mazima badala ya matendo. Eneo la mavazi lote liwe la mmoja, kuanzia kuona kwamba nguo imebana hadi kuitoa kabatini. Eneo la afya lote liwe la mwingine, kuanzia tarehe ya chanjo hadi kipimajoto kiko wapi usiku wa manane. Shule na barua zake, vivyo hivyo. Mwenye eneo haulizi na haulizwi. Mtakutana mara moja kwa juma, kwa muda mfupi, ikiwezekana siku ile ratiba yako inapobandikwa, ili kila mmoja aseme eneo lake litahitaji nini juma linalokuja. Na hapa ndipo wanaopokea eneo hujikwaa, nao wanaolitoa hujikwaa zaidi: mwenye eneo jipya atasahau jambo, na yule wa zamani atatamani kumwokoa. Msimwokoe. Mtoto akienda shule na soksi zisizofanana, hakuna aliyekufa.

Kuhusu takwimu, ndugu yangu Baba wa Watatu, sikatai kwamba akina baba wanachoka. Lakini kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, wanawake duniani hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku, wakati wanaume hufanya saa 1 na dakika 23. Huo ni wastani, na nyumba ya dada yetu huenda imekwisha kuupita. Saa hizo, hata hivyo, zinapimwa kwa mambo yanayoonekana. Kuwaza juu ya kifungo cha sare ukiwa kwenye zamu ni kazi ambayo ni vigumu kuiingiza katika kipimo chochote.

Swali la kwanza, kwamba tatizo liko kazini au nyumbani, nadhani limekaa vibaya kidogo. Mwaka 1985 watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza kwamba kazi na familia hugongana kwa njia tatu: muda wa upande mmoja kuumeza muda wa upande wa pili, msongo wa upande mmoja kuvuka hadi upande wa pili, na tabia inayofaa mahali pamoja kutofaa mahali pengine, kama vile kutoa amri. Ratiba yako inasababisha lile la kwanza, na jedwali la jokofu lilitungwa kutibu hilohilo. Msongo unavuka bila kujali nani anaosha vyombo. Rena Repetti, aliyechunguza waongozaji wa ndege, aliona kwamba baada ya siku yenye kazi nzito walijitenga na familia zao jioni. Walikuwepo nyumbani lakini walizungumza kidogo. Kwa hiyo kubalianeni kwamba anayeingia kutoka kazini, awe baba au mama, apewe muda mfupi wa kuoga na kukaa bila kukabidhiwa mtoto wala habari mbaya, na mazungumzo mazito yasifanyike mlangoni. Mzazi mmoja akiwa anatoka wakati mwingine anaingia, kama ilivyo kwa watu wa zamu, hilo ni gumu, lakini hata nusu saa ni kitu.

Mwisho, tofautisha uchovu na kuishiwa nguvu kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limelifunga suala la kuishiwa nguvu katika mambo ya kazini peke yake. Lakini Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji wameonyesha kwamba mzazi naye huishiwa katika uzazi wake: huchoka kiasi kwamba kuamka tu kuwakabili watoto ni mzigo, huwahudumia kwa mikono huku moyo uko mbali, hapati tena furaha yoyote kwa kuwa nao, na hujiona si mzazi yule aliyekuwa zamani. Uchovu wa kawaida hupungua ukilala siku mbili tatu vizuri. Huo mwingine haupungui. Na mzazi akianza kuwaza kutoroka, kujidhuru au kumdhuru mtoto, asingoje kikao cha juma wala jibu la barua ya ratiba. Amwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Mlezi Mmoja anajibu:

Nimesoma majibu yote kwa makini, na kila jibu lina watu wawili ndani yake. Sisi tunaolea peke yetu maeneo yote ni yetu, na kikao cha juma tunakifanya na dari.

Kwa wanaosoma wakiwa katika hali yangu, nitasema mambo machache. Punguza kazi kabla ya kutafuta namna ya kuzifanya haraka. Nyumbani kwangu sare tu ndizo zinazopigwa pasi, na hakuna aliyeugua kwa sababu ya shuka lenye mikunjo. Andikisha shuleni, kwa maandishi na mapema, watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, kwa sababu siku utakayowahitaji hutakuwa na nafasi ya kuwatambulisha. Na kabla ya kudai saa za kubadilika, dai jambo dogo ambalo waajiri wengi wanalikataa bila kufikiri: sehemu nyingi za kazi huwataka wafanyakazi waache simu kwenye makabati hadi zamu iishe. Mzazi ambaye shule haiwezi kumpata kwa saa nane hawezi kutulia hata kama mtoto ni mzima. Omba namba ya msimamizi au ya mapokezi iandikwe kwenye fomu ya shule, na uhakikishe anayepokea simu hiyo anajua unakaa sehemu gani ya kazi. Halimgharimu mwajiri chochote.

Mama Zamu anajibu:

Nawashukuru nyote. Nimeyasoma haya pamoja na mume wangu, na naona ni mara ya kwanza tumezungumza suala hili bila mmoja wetu kuondoka mezani. Ile sehemu ya kazi kurudiwa kimyakimya ilimfanya acheke, nami sikucheka.

Zamu ya usiku ya kudumu nimeikataa. Barua ya ratiba nimeiandika kwa mtindo aliousema Mpanga Ratiba, na mume wangu ameahidi kuomba kwake aingie mapema ili awe wa kuwachukua watoto jioni. Kuhusu maeneo, yeye amechukua afya na mavazi. Mimi nimebaki na shule na chakula. Usafi tumeuacha wa wote, ingawa nahisi hapo patatuletea shida.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na Mshauri wa Familia. Kusema "msimwokoe" kunafaa kwenye soksi, lakini hakufai kwenye dawa. Mtoto wetu mdogo ana dawa ambayo haipaswi kukatika, na siwezi kutulia nikisubiri mtu ajifunze kwa kuisahau. Tumekubaliana kwamba katika kila eneo tutatenga mambo ambayo kosa lake linavumilika na yale ambayo halivumiliki, na haya ya pili kila mmoja wetu anaruhusiwa kuyakumbusha bila kuambiwa anaingilia.

Swali lililobaki ni hili: tangu mume wangu ashike eneo la afya, kliniki inaendelea kunipigia mimi. Shule nayo hivyohivyo, mtoto akipata homa wananipigia mimi niliye kwenye zamu, nami nampigia yeye aliye ofisini, na mwisho wa yote nimebaki kuwa karani wa kupokea na kupeleka ujumbe. Hili mnalitatua vipi?

Mshauri wa Familia anajibu:

Nakubali kuhusu dawa, na nitawaeleza wengine hivyo kuanzia sasa. Ongeza kwamba jambo lisilovumilia kosa lisitegemee kumbukumbu ya mtu yeyote, si yako wala yake: saa ya simu ilie kwenye simu zote mbili, na chupa mpya inunuliwe ile ya zamani ikiwa imebaki robo. Kuhusu usafi kuwa wa wote, wasiwasi wako una msingi. Gawaneni kwa vyumba, mapema, kabla haujawa wa yule anayeudhika haraka.

Baba wa Watatu anajibu:

Hili la simu nimelipitia. Kubadilisha fomu peke yake hakutoshi, kwa sababu karani aliyezoea kumpigia mama ataendelea kumpigia mama hata namba ya baba ikiwa juu. Mume wako aende mwenyewe kliniki na shuleni, aombe fomu mpya, aandike namba yake mahali pa kwanza, namba ya ofisini kwake mahali pa pili, na yako mahali pa tatu. Kisha ajitambulishe kwa anayepiga hizo simu, maana mtu hupigia sura anayoikumbuka. Wakikupigia wewe, na si dharura, usipokee ujumbe. Wajibu kwa heshima kwamba masuala ya afya yako kwa baba wa mtoto na uwatajie namba yake papo hapo. Watakerwa mara mbili tatu, kisha watazoea. Na hiyo ziara aifanye kabla hamjaingia msimu wa mafua, maana hapo simu ndipo zinapoanza kwa wingi.